Kanuni ya Kutotaja Milima

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya msingi huko Nyamiaga. Siku moja mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwamba nimeombwa na ofisi ya utamaduni ya wilaya, niende nikasaidie kuandika kanuni za mashindano ya ngoma. Nilipofika huko, afisa utamaduni alinipa sababu mbili za kuniita: mwandiko wangu unasomeka, na nasema Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara. Yeye mwenyewe alikuwa Msukuma, mtu mrefu na mpole, ambaye kwa miaka yote aliyokaa Ngara hakuwa amejifunza zaidi ya kusalimia. Anayesema Kihangaza anaelewana na Mrundi bila mkalimani, na mashindano hayo yalikusudiwa kuwakutanisha wenyeji na wakimbizi wa Burundi. Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Waliobaki kambini walikuwa Warundi, na wengine walikuwa bado wanaingia.

Ugomvi wa wakati huo ulikuwa wa kuni. Vilima vilivyoizunguka kambi vilikuwa vimebaki vipara, na wanawake wa kambini walilazimika kwenda mbali zaidi kila mwezi, mpaka wakawa wanaokota vijiti kwenye mashamba ya watu. Kulikuwa na kufukuzana, kunyang'anyana mapanga, na mara moja mtu kuvunjwa mkono. Wilaya ilijaribu mpira wa miguu kwanza. Mechi ile ilivunjika kabla ya mapumziko kwa sababu ya mawe. Ndipo mtu fulani katika kikao akasema kwamba mwenye kucheza ngoma hana nafasi ya kurusha jiwe, na mpango wa ngoma ukaanza hivyo.

Kamati yetu ilikuwa ndogo. Afisa utamaduni alikuwa mwenyekiti. Alikuwapo mzee mmoja wa Kanazi, mpiga ngoma aliyejulikana katika harusi zote za upande ule, na askari polisi aliyesimamia usalama kambini. Mimi nilikuwa mwandishi.

Rasimu ya kwanza aliiandika afisa mwenyewe kabla hatujakutana. Iligawa vikundi katika mafungu mawili, Wenyeji na Wakimbizi, na kila fungu lingepata mshindi wake. Aliisoma kwa sauti, akatuuliza kama kuna swali. Mzee wa Kanazi akauliza akasimbo itakaa fungu gani.

Akasimbo ni ngoma ya kuruka, mchezaji akiwa na kijiti mkononi na njuga miguuni. Wahangaza huihesabu kuwa yao, na Warundi nao huihesabu kuwa yao. Afisa akajibu kwamba itakaa katika mafungu yote mawili, kwa kuwa pande zote mbili zinaicheza. Mzee akasema basi tutakuwa na mabingwa wawili wa ngoma moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekwepa kupambana naye, na tutarudi kwenye mawe.

Halafu likazuka jambo lililonigusa mimi. Kati ya vikundi vilivyojiandikisha kilikuwamo cha wanawake wa Bugarama. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Bugarama iko karibu na mpaka, na wanawake wengi wa kikundi kile walivuka wakiwa wasichana watu walipokimbia mauaji ya Burundi mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakaolewa, wakazaa, wakalima. Afisa alinitazama akaniuliza bila nia mbaya, kama mtu anayetaka kujaza nafasi iliyo wazi.

"Mwalimu, mama yako tumwandike mwenyeji au mkimbizi?"

Nilimwambia kwamba mama ameolewa na Mhangaza, hupiga kura, na watoto wake wote wamezaliwa hapa. Akaandika "mwenyeji." Askari akauliza na wenzake ambao waume zao nao walivuka je, hao wataandikwaje? Afisa akafuta. Hakuna aliyetaka kuendelea na suala lile, na kikao kikaahirishwa.

Mama hakuwa na mazoea ya kusimulia habari za kwao. Tulijua alivuka akiwa msichana wa kuolewa, na kwamba alivuka na watu wasio wa nyumbani kwao. Baba alitukataza mapema kumuuliza. Alisema kwamba siku akitaka atasema mwenyewe. Miaka ilipita, tukazoea kwamba upande wa mama hatuna babu wala mjomba.

Katika kikao cha pili aliitwa mama mmoja kutoka kambini, kiongozi wa kikundi cha wanawake, ili aseme kwa niaba ya wakimbizi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, aliyekaa wima kwenye benchi na mikono yake magotini. Kwao alikuwa akialikwa kuongoza nyimbo za harusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha kujifunza kambini, kisha tukaendelea kwa Kirundi chake na Kihangaza changu.

Mabishano ya siku ile yalikuwa marefu, na sikumbuki tena nani alisema nini kwanza. Nakumbuka mzee wa Kanazi akisimama katikati ya ofisi kuonyesha jinsi miguu ya akasimbo inavyotua, na mafaili yakitikisika mezani. Nakumbuka yule mama akinyanyua mikono juu ya kichwa, iliyopinda kama pembe za ng'ombe, akisema kwamba kwao wanawake hawaruki, wanacheza kwa mikono na shingo. Afisa naye akaeleza jinsi Wasukuma wa Biharamulo wanavyocheza na majembe, wakiyarusha hewani na kuyadaka. Wakati fulani ikatujia kwamba tayari tulikuwa tumegawa mafungu bila kujua. Nikaandika: Miruko, Mikono, Majembe, Mapigo, na la mwisho Kwaya, kwa sababu makanisa yasingekubali kuachwa nje. Mapigo lilikuwa fungu la wapiga ngoma tu, bila wachezaji. Kila kikundi kingeingia fungu lake kwa namna kinavyocheza, na hakuna ambaye angeulizwa alizaliwa wapi.

Vijana wa kambini walikuwa wametuma ombi la fungu la dansi, ile ya kukata kiuno ya Kikongo. Tulilikataa. Baadaye afisa akawaruhusu wacheze wakati majaji wakila, bila alama.

Kanuni nyingine zilituchukua jioni kadhaa. Askari alitaka silaha zipigwe marufuku, na akahesabu fimbo kuwa silaha. Mzee wa Kanazi akamweleza kwamba kijiti ndicho kinachoipa akasimbo jina lake, na kumnyang'anya mchezaji kijiti ni kumfuta. Wakakubaliana kwamba kijiti kisizidi urefu wa mkono, kisichongwe ncha, na kisielekezwe kwa watazamaji. Afisa alikuwa ameandika kwamba kila mshiriki avae mavazi ya asili. Mama wa kambini aliniomba nimwambie kwamba wao walitoka na walichokuwa wamevaa, na hata hicho wengine walikibadilisha kwa chumvi njiani. Afisa akaniambia niandike "mavazi nadhifu yanayofanana." Ngoma zingeweza kuwa za ngozi, za madebe au za kitu kingine chochote kinacholia.

Kanuni iliyoleta shida ni ya nyimbo. Kwa kuwa sasa watu wote wangekuwa katika mafungu yale yale, wamekaa pamoja uwanjani, mkuu wa wilaya alitaka maneno ya nyimbo yajulikane mapema ili siasa isiingie. Nyimbo zote za Kirundi na Kihangaza zingetafsiriwa kwa Kiswahili, askari azisome. Kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu.

Nyingi zilikuwa nyepesi. Wapo waliosifu ng'ombe, waliomsifu bwana harusi, waliomshukuru Mungu na waliolishukuru shirika lililowapa maharage. Nilikwenda kambini na kibali mfukoni, nikawa nakaa nje ya kibanda cha yule mama, chini ya turubai, naye akiimba mstari mmoja mmoja huku mimi nikiandika. Wimbo wao ulikuwa wa kumsindikiza bibi harusi. Msichana anaondoka kwao asubuhi, anaelekea kwa mumewe, na waimbaji wanamtajia kila mlima atakaoupita: mlima huu una maji baridi, ule una ndizi tamu, huu usipumzike, watu wake ni wadadisi. Kwa Warundi mlima ni kijiji. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unamtajia mlima.

Nilimuuliza milima ile ilikuwa ya njia gani. Akasema si ya njia moja. Zamani kila harusi ilikuwa na milima yake, kwa kufuata nyumba mbili zinazooana. Hapa kambini kila mchezaji alikuwa ameweka wa kwao, ili pasiwe na aliyeachwa.

Nilimpelekea askari tafsiri. Aliisoma mara mbili, akaweka kalamu juu ya majina ya milima. Hakuwa mtu mkali, na nataka kumtendea haki. Alinieleza kwamba juu ya baadhi ya milima ile watu walikuwa wanapigana wakati ule ule tunaozungumza. Alisema kwamba kambini, ukitaja mlima wako, msikilizaji anaweza kudhani amejua wewe ni mtu wa nani, nani aliwaua wako au wako waliwaua nani. Ugomvi mmoja wa sokoni, ambao yeye mwenyewe aliuamulia, ulianza kwa mtu kuuliza tu, wewe ni wa mlima gani? Hakutaka kuusikia ukianzia uwanjani mbele ya mkuu wa wilaya. Tukaandika kanuni: mshiriki yeyote hatataja katika wimbo wake jina la mlima, tarafa au mkoa wa Burundi.

Nilirudi kambini kumweleza. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza na sababu pia, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua.

"Huyo askari hajakosea," alisema. "Mimi mwenyewe nimeona watu wakihama mtaa kwa jambo hilo."

Nikamwambia wanaweza kubadilisha wimbo, au kuweka majina ya vilima vya Ngara. Akatikisa kichwa. Alisema bibi harusi wa wimbo ule hajafika Ngara. Kisha akaniuliza kanuni inasemaje hasa, nami nikamsomea neno kwa neno.

"Basi hatutataja," alisema. "Waambie hatutataja."

Niliandika kwamba kikundi kimekubali, tukaendelea na mengine.

Mashindano yalifanyika siku ya Jumamosi katika uwanja wa shule ya kijiji kilichopakana na kambi, kwa kuwa wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali zaidi bila kibali. Watu walianza kufika asubuhi. Kamba ilikuwa imezungushwa kuzunguka uwanja, wenyeji wakakaa upande wa mlingoti wa bendera, ambao ulikuwa mti wa mkaratusi uliochongwa, na wakimbizi wakakaa upande wa bonde. Hakuna aliyewapanga. Katikati walikaa askari na wachuuzi wa karanga. Majaji walitoka Biharamulo, ili wasiwe na upande kati ya wenyeji na wakimbizi: mwalimu mmoja mstaafu, muuguzi, na katekista.

Miruko ilikwenda vizuri. Vijana wa kambini walikuja na njuga za vizibo vya soda vilivyotobolewa kwa msumari, na vikundi vya Kanazi vikaja na njuga za chuma, na kwa mbali usingeweza kutofautisha mlio. Kanazi walishinda, lakini mshindi na mshindwa walibadilishana vijiti mwishoni bila kuambiwa, na watu wakapiga makofi. Wasukuma wa Biharamulo waliteremka kwenye lori wakiwa na vumbi hadi kope, wakarusha majembe yao, na jembe moja likatua mbele ya meza ya mkuu wa wilaya. Alicheka yeye kwanza, ndipo wengine wakacheka.

Fungu la Mikono lilianza baada ya chakula. Wanawake wa Bugarama walitangulia. Mama alikuwa mstari wa nyuma kwa sababu ya urefu wake, amejifunga kitenge cha kijani kama wenzake. Alicheza kama alivyofanya kila kazi, kwa utaratibu na bila kutafuta kutazamwa. Walipomaliza walikwenda kukaa kando ya kamba, upande wa wenyeji, hatua chache kutoka meza yangu.

Kikundi cha yule mama kilifuata. Wote walikuwa wamevaa mashuka ya kufunga begani yaliyoshonwa kwa magunia ya unga. Waliyafua mpaka maandishi yakafifia. Hawakuwa na ngoma, waliimba kwa makofi. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kumwamsha bibi harusi na kumfunga nguo. Ubeti wa pili anatoka uani. Kisha kiongozi akaimba, unaukuta mlima, akanyanyua mikono, na wote wakanyamaza. Makofi yakaendelea kwa muda ambao jina lingechukua. Kisha wakaendelea: maji yake ni baridi, kunywa lakini usiketi.

Nilidhani wamekosea. Ubeti uliofuata walifanya vile vile. Unaukuta mlima, kimya, mikono juu, makofi. Mara ya tatu ilipofika, mwanamume mmoja upande wa bonde, mtu mzima aliyevaa koti, akataja jina la mlima ndani ya ule ukimya. Hakupaza sauti. Alilitaja kama mtu anayejibu mahudhurio darasani. Kiongozi hakumgeukia. Akaimba, ndizi zake ni tamu.

Baada ya hapo kila nafasi ilipata jina. Mara nyingine yalitoka mawili kwa pamoja, na wimbo ukalazimika kurudia ubeti. Nilimwona askari akisimama na kumtazama afisa utamaduni. Afisa akaniinamia kuniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanataja milima. Akauliza nani anataja. Nikasema ni watazamaji. Alishika filimbi yake lakini hakuipuliza, akawatazama watu wa upande wa bonde, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta ugomvi mahali unapoanzia. Watu wale walikuwa wametulia. Wengine walikuwa wamefumba macho, wakisubiri zamu.

Ndipo jina moja likatoka upande wa wenyeji. Lilitoka karibu nami, kwa sauti ninayoijua. Niligeuka. Mama alikuwa amekaa na wenzake wa Bugarama, mikono yake imeshika magoti, anatazama mbele. Wenzake walikuwa wamemgeukia. Baada yake, wanawake wawili watatu wa kikundi chake nao wakataja ya kwao, nafasi baada ya nafasi.

Lile lilikuwa jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Mama baadaye aliniomba nisiliandike mahali, na siliandiki.

Wimbo ulimalizika muda ukiwa umepita sana. Majaji waliomba nafasi ya kushauriana, nami nikaitwa na karatasi ya kanuni. Mwalimu mstaafu alisema kikundi kiondolewe, kwa kuwa milima imetajwa na kila mtu amesikia. Muuguzi alisema waimbaji hawakutaja hata mmoja. Niliombwa nisome kanuni. Nikasoma: mshiriki yeyote hatataja katika wimbo wake. Katekista akauliza kama mtazamaji ni mshiriki. Afisa utamaduni akasema hapana. Mwalimu mstaafu akakumbusha kwamba baadhi ya waliotaja walikuwa wa kikundi cha Bugarama, ambacho ni mshiriki. Akanitazama, maana alishaambiwa mama yangu yumo. Nilimjibu kwamba kanuni inasema katika wimbo wake, na ule haukuwa wimbo wa Bugarama. Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Lakini nilijua kwamba hata kama ingeandikwa vingine ningetafuta njia.

Walimuuliza askari kama ameona dalili yoyote ya fujo. Alifikiri. Alisema hajaona. Akaongeza kwamba hataki jambo lile lirudiwe.

Mwishowe hawakuondolewa, ila walipunguziwa alama kwa kupitiliza muda, na hilo halikubishaniwa na mtu. Bugarama wakawa wa kwanza, wao wakawa wa pili. Zawadi ya kwanza ilikuwa mbuzi na vitenge, ya pili masufuria. Yule mama alipokea sufuria lake, akanipita akisema tu, "Mwalimu, hatukutaja." Nilimuuliza kama alijua watu watajibu. Alisema yeye alitaka tu wimbo upumue pale unapopumua siku zote, asingeweza kuziba nafasi ile kwa kitu kingine. Nilimwamini, na bado namwamini.

Nilikuwa nakusanya karatasi zangu nilipomwona mmoja wa wachezaji wake, mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, akivuka uwanja kuelekea kwa wanawake wa Bugarama. Alisimama mbele yao akauliza nani aliyetaja mlima ule. Wanawake wakatazamana, na naona waliogopa. Mama alisema, "Ni mimi."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Mama akamtajia jina la baba yake, na jina la utani ambalo watu wa mlimani walimwita. Yule mwanamke akaketi chini palepale kwenye nyasi. Alikuwa binti wa jirani, amezaliwa miaka michache baada ya mama kuondoka. Nyumba zao zilichota maji chemchemi moja. Mama hakumuuliza haraka. Kwanza alimuuliza kama amekula, akafungua kifurushi chake akampa viazi vilivyobaki. Kisha akauliza kuhusu baba yake.

Yule mwanamke alimwambia kwamba babu yangu aliishi mpaka akawa mzee kabisa, akafa kitandani kwake kabla ya vita hivi vya karibuni. Wadogo zake mama hakuwajua walikokwenda. Alichokumbuka ni kwamba mzee yule alikuwa akiwaambia watu ana binti aliyeolewa mbali. Kila palipokuwa na harusi mlimani, alilisema hilo.

"Alijuaje kwamba nimeolewa?" mama aliuliza.

"Hakujua. Alikuwa akisema tu."

Mama aliinamisha kichwa. Nilisubiri alie, na nilijiweka tayari kumshika, lakini hakulia. Aliondoa majani yaliyonasa kwenye kitenge chake, moja moja, akaniambia niende nikatafute usafiri kabla lori halijajaa.

Njiani hatukuzungumza, kwa sababu lori lilikuwa na watu wengi na yule mbuzi wa zawadi alikuwa amefungwa miguuni petu. Nyumbani, baba alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa ameweka maji ya kuoga jikoni. Kesho yake, tukiwa shambani tunapalilia maharage, mama alianza kusimulia bila kuulizwa. Alisimulia kwa mafungu, akisimama na kuanza tena na jembe: nyumba ilivyokaa, ndugu zake walivyofuatana, siku aliyotumwa kwa shangazi na akakuta njia ya kurudi imefungwa. Hakusimulia yote siku hiyo. Lakini tangu hapo tuliweza kumuuliza.

Ugomvi wa kuni haukuisha. Miezi iliyofuata kulikuwa na kesi kama kawaida, na mwisho shirika likaleta majiko ya udongo yanayotumia kuni kidogo, na hayo yakasaidia zaidi ya ngoma. Mashindano yalirudiwa mwaka uliofuata. Kanuni ya nyimbo ilibadilishwa ikasomeka "washiriki na watazamaji," na mimi ndiye niliyeiandika upya. Yule mama hakuleta wimbo wa bibi harusi tena. Alileta wa kusifu mvua, mzuri, akashinda.

Binti wa jirani alizoea kuja kwetu siku za soko alipopata kibali. Mama alimpa ndizi na mboga, naye akamletea unga wa mgao. Waliitana dada. Kambi ilipofungwa baada ya miaka mingi, alirudi kwao na watoto wake. Akatuma habari kwamba amekuta nyumba ya baba yake imekaliwa, wamegawana shamba na waliokuwamo, na kwamba mama akitaka kwenda atapata pa kulala.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikwenda, kwa basi dogo mpaka Kabanga, akavuka mpaka na mdogo wangu wa mwisho akimbebea mzigo. Tulidhani atakaa mwezi. Alirudi mapema kuliko tulivyotarajia, mchovu, na udongo wa njiani kwenye sketi. Alisema kaburi la baba yake ameonyeshwa, na wameotesha maua juu yake watu asiowajua. Alisema mlima ni mdogo kuliko alivyoukumbuka na nyumba zimesongamana mno. Tulimuuliza kama watu walimpokea vizuri.

"Vizuri sana," alisema. "Ila wanasema haraka, na kila nikifungua mdomo wananicheka. Wanasema Kirundi changu kimekuwa Kihangaza."

Akauliza nani aliyewakamua mbuzi wakati hayupo, na kwa nini yule mweusi amekonda.